Bustani Isiyoonekana Kutoka Roshani

Nchi ya Tazamani haiko mbali na mtu yeyote aliyewahi kufukuzwa kwenye majani ya serikali na mgambo mwenye filimbi. Vitabu vya jiografia vimeisahau. Lakini Mwanakheri Ngoda, mbunifu wa bustani, alialikwa huko, akaenda, akafika, na safari yenyewe haina la kusimulia ila joto. Yanayostahili kusimuliwa ni aliyoyakuta.

Alikuta nchi safi kupita kiasi. Katikati ya mji mkuu palikuwa na uwanja mpana ulioitwa Uwanja wa Macho, umezungushiwa uzio wa chuma, majani yake yamekatwa sawasawa kama nywele za kuruta siku ya kwanza kambini. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia humo isipokuwa wakata majani, nao walifanya kazi wakirudi kinyumenyume ili wafute nyayo zao wenyewe. Watu wengine wote walipita pembeni, kwenye ukingo wa mtaro, jua likiwachoma utosi. Hapakuwa na mti hata mmoja uliovuka magoti, kwa sababu katika sheria za Tazamani kivuli kilihesabiwa kuwa uchafu. Palikuwa na maafisa wa kivuli waliozunguka mitaani mchana kutwa wakikagua vichaka vinavyochafua ardhi, na mwenye nyumba aliyetaka kuanika shuka alitakiwa kwanza kuombea kibali lile doa la kivuli litakaloanguka chini yake.

Ukiuliza sababu, uliambiwa kwamba kila kilicho nje ya mlango ni mali ya macho, na macho yenyewe si ya kila mtu. Juu ya kilima palisimama jumba lenye roshani. Kila mwaka, siku ya Sikukuu ya Mtazamo, mzee aliyeitwa Mtazamaji Mkuu alitoka kwenye roshani ile, akaitazama nchi yake, kisha akatamka, "Nimeona yote." Kabla hajatamka, hakuna mtu aliyeruhusiwa kuondoka wala sinia la pilau kufunuliwa. Alichokiona chema hakikuguswa tena maisha yake yote. Alichokikataa kilifukiwa. Ndiyo maana bustani zote za nchi ile zilichorwa, zikakaguliwa na kuhukumiwa kutoka pale juu, na kisichoonekana kutoka roshani kilikuwa, kisheria, hakipo.

Mgeni alipokewa na Katibu wa Mandhari, Bwana Sanjari, mtu mrefu aliyepiga pasi nguo zake mpaka kamba za viatu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema Katibu. "Kazi yako nyepesi, mtaalamu. Uwanja tumeshaupima, tumeshaugawa, tumeshaunyoosha. Umeitwa utie maua."

"Na watu watapitia wapi, mheshimiwa?"

Bwana Sanjari alimkazia macho kama mtu aliyeulizwa samaki watalala chumba gani. "Watu wa nini?"

Hasira ilimpanda Mwanakheri, akaimeza, maana alikuwa mgeni na hajapewa hata maji. Neno lile la kutia maua hakulisikia Tazamani kwa mara ya kwanza. Hata kwao watu hujenga nyumba, wakamwaga zege mpaka ukutani, wakazika mabomba mahali pa mizizi, halafu siku ya kuhamia ndipo wanapomkumbuka mbunifu wa bustani, kama mpishi anayekumbuka chumvi wageni wakiwa wameshanawa. Utie maua! Kana kwamba kazi yake yote ni kupaka poda uso alioumba mtu mwingine.

Akapelekwa barazani, kwenye mkutano wa wajumbe wa Mandhari, na huko akagundua kwamba hata hayo maua yalikuwa hatarini. Mjadala wa mwaka ule ulikuwa iwapo uwanja wote umwagiwe saruji, na saruji ipakwe rangi ya kijani.

"Saruji haikui," Bwana Sanjari aliwaeleza wajumbe. "Haihitaji maji, haina kivuli. Kutoka roshani, nani atajua?"

Wajumbe wakapiga meza kwa furaha. Mmoja aliuliza mvua ikinyesha maji yatakwenda wapi, akajibiwa kwamba mvua ni ya wizara nyingine. Mwingine alitaka kujua kama ndege anayetua kwenye majani bila ruhusa ahesabiwe pambo au mvamizi, na hilo likawashughulisha mpaka chai. Baada ya chai likaja swali zito zaidi: mtu akionekana ndani ya bustani, ni sehemu ya bustani au ni uchafu? Wakapiga kura. Ni uchafu, isipokuwa awe ameshika fyekeo. Mwanakheri alikaa kwenye kiti chake cha wageni akisikiliza, na kama si adabu angelicheka mpaka machozi, au angelia mpaka acheke.

Mwishowe wakakubaliana. Kwa kuwa mtaalamu ameshafika na haifai kumrudisha mikono mitupu, apewe uwanja mpaka Sikukuu. Mtazamaji Mkuu akiiona bustani yake kuwa njema, itabaki. Asipoiona njema, saruji.

Mwanakheri hakuanza kwa kuchimba. Alisimama kwenye uzio tangu asubuhi, akitazama jua linavyotembea, upepo unavyopanda kutoka bondeni kuelekea jumbani alasiri, na mahali maji ya mvua yanapotuama. Bwana Sanjari alimtuma mtu amuulize amekuja kutazama au kufanya kazi. Akajibu, "Hapa kwenu si ni kitu kimoja?"

Kilichomshangaza zaidi ni uzio wenyewe. Kila mahali ulikuwa na kutu, isipokuwa sehemu moja upande wa bondeni, ambapo vyuma viling'ara kama kitasa cha mlango. Akasogea. Akaona mwanamke mmoja anafika pale, anashika vile vyuma kwa mikono miwili, anatazama ng'ambo ya uwanja, anavuta pumzi, kisha anaachia na kuanza kuzunguka kando ya mtaro. Akaja mwingine, akafanya vilevile. Mwanakheri akajua kwamba ameshaiona njia. Ilikuwapo siku zote, imekosa ardhi tu.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mama mmoja mtu mzima aliyekuwa na mkoba wa ukunga begani.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mgeni wa maua?"

"Ndiye mimi. Kwani pale ng'ambo pana nini?"

Jina la mama yule lilikuwa Sikudhani, mkunga wa mtaa wa Mabondeni. Aliashiria kwa kidevu. "Ile nyumba nyeupe ni hospitali ya wazazi. Huku ni kwetu. Katikati ndiyo huu uwanja wao. Tungekata moja kwa moja, mwenye uchungu angefika akiwa bado ana nguvu. Lakini tunazunguka. Jua lote hili, na hapana pa kuegemea."

Akautengeneza mkoba begani.

"Masika ya mwaka juzi binti mmoja, Mwantumu, mke wa fundi baiskeli, alijifungulia mtaroni. Mimi ndiye niliyempokea mtoto. Hakulia, mwanangu. Nilimpiga makofi, nikampulizia, hakulia. Sasa Mwantumu ana mimba nyingine, na kwa hesabu yangu itafika siku zilezile za Sikukuu, njia zikiwa zimejaa maaskari. Haniulizi kitu. Kila nikienda kumpima ananitazama tu."

Mwanakheri aliagana naye. Alirudi nyumba ya wageni, akaitupa michoro ya maua aliyokuja nayo, akaanza upya. Na pengine hapa ndipo mahali pa kusema kazi ya mbunifu wa bustani ni nini, kwa faida ya wanaodhani ni poda. Kazi yake ni kuiuliza ardhi inataka nini, kuwauliza watu wanaweza nini, kisha kupatafuta mahali ambapo majibu hayo mawili yanapatana. Maua huja baadaye, na huja yenyewe kwa furaha.

Alichora kilima. Kilikuwa kirefu kama paa la nyumba ya chini, kimepinda kama mkono uliokumbatia kitu, mgongo wake ukielekea jumbani. Udongo wa kilima ungechimbwa palepale maji yalipotuama, na shimo litakalobaki lingekuwa mfereji wa kupokea mvua na kuishusha juu ya mawe mpaka kwenye kidimbwi. Mgongoni alipanga maua kwa mistari iliyonyooka, mekundu kwa meupe, ili hata Bwana Sanjari apate usingizi.

Katibu aliupenda mchoro, akauzungusha huku na huku. "Na nyuma ya kilima?"

"Nyuma kuna njia, mheshimiwa, yenye kona na kivuli."

"Inaonekana kutoka roshani?"

"Haionekani."

"Basi haipo," akasema Bwana Sanjari, akagonga muhuri.

Msimu mzima Mwanakheri alishinda na udongo kwenye kucha. Alisimika fremu za mianzi nyuma ya kilima na kuzipandishia mipasheni na madodoki, mimea yenye haraka, ili itoe kivuli wakati miche ya mikungu aliyoipanda kando yao inajifunza kusimama. Alipanda asumini na mlangilangi pale upepo wa alasiri unapoanzia safari yake ya kwenda jumbani. Njia aliipindisha taratibu, kwa sababu mwenye uchungu akiuona mbali mwisho wa safari hukata tamaa, lakini akiona kona tu husema, nifike pale kwanza. Hilo alifundishwa na Sikudhani, aliyetembea naye njia nzima, na kila mkunga aliposema, "Hapa angetaka kushika kitu," Mwanakheri alichomeka kijiti, na penye kijiti pakajengwa kibaraza cha kukalia chenye nguzo ya kushika. Mwisho wa njia upande wa Mabondeni akaweka mlango mdogo wa kupitishia samadi, na upande wa hospitali mlango mdogo wa kutolea magugu. Hakuna aliyeuliza kwa nini magugu ya nchi ile yanapelekwa hospitali.

Ilipokaribia Sikukuu alimwita mkunga faragha. "Mama, milango haitafungwa. Lakini lazima nikwambie ukweli. Watakaokutwa ndani watawekwa ndani."

Sikudhani akacheka. "Jua tumeshalizoea, mwanangu. Jela angalau ina kivuli."

Siku ikafika. Tarumbeta zikapigwa, masinia ya pilau yakapangwa yamefunikwa kawa, na Mtazamaji Mkuu akatoka kwenye roshani. Alikuwa mzee mwembamba mwenye macho makali, na sifa yake moja iliyowapa shida watu wake wote ni kwamba hakuwahi kusema uongo. Wajumbe walijipanga nyuma yake. Mwanakheri alisimama pembeni. Mkunga alikuwa ameshamletea habari asubuhi ile: Mwantumu ameanza kuumwa.

Mzee akatazama. Aliyaona maua yaliyonyooka, akatikisa kichwa taratibu kukubali. Bwana Sanjari akashusha pumzi. Mzee akafungua mdomo ili atamke, na hapo upepo wa alasiri ukapanda kutoka bondeni.

Ulipanda na harufu ya asumini, na nyuma ya asumini mlangilangi. Mzee akafunga mdomo. Kisha ikaja sauti ya maji yanayoanguka juu ya mawe, na juu ya sauti ya maji, sauti ya wanawake wanaocheka.

"Nyuma ya kilima kile kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, Mtukufu," akasema Bwana Sanjari. "Hakionekani, kwa hiyo hakipo."

"Kisichokuwapo, Bwana Sanjari, hakicheki."

Mzee akaegemea ukingo wa roshani, akanyoosha shingo kulia, akanyoosha kushoto. Kwa kujinyoosha hivyo aliona kipande cha njia, akaiona inajikunja na kupotea. "Siwezi kusema nimeona yote," akasema kwa huzuni. "Sijaona."

Wajumbe wakataharuki, na pilau lilikuwa linapoa. Mmoja akapendekeza roshani iongezwe ghorofa. Mwingine akapendekeza kilima kibomolewe sasa hivi. Wa tatu alitaka kamati. Hakuna aliyethubutu kutaja miguu, kwa kuwa tangu nchi iwe nchi hakuna Mtazamaji aliyewahi kushuka.

"Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname," akasema mzee, akaanza kuteremka ngazi.

Alipolifikia lango la uwanja alisita, akavua viatu, akakanyaga majani. Wajumbe walifumba macho kwa aibu. Mzee alisimama pale muda, vidole vya miguu vikijikunja na kujikunjua, na usoni pake pakaja kitu ambacho wajumbe wake walikidhania ni maumivu. Kisha akaifuata njia, akapinda nayo, akatoweka nyuma ya kilima, na nchi nzima ikamfuata mbio.

Alikuta kivuli. Madodoki yalining'inia juu ya kichwa chake, mwanga umechujwa ukawa mwororo, maji yanateremka mawe kwa mawe. Kwenye vibaraza walikuwa wamekaa wanawake wa Mabondeni, wengine na matumbo makubwa, wengine na watoto mgongoni, wakizungumza. Walipomwona wakaacha kucheka, lakini hakuna aliyeinuka.

"Wakamateni!" akapaza sauti Bwana Sanjari. "Wamekaa bustanini! Kivulini!"

Mtazamaji Mkuu akageuka polepole, akakiona kibaraza kilichokuwa kitupu, akakaa. Akauegemeza mgongo kwenye ile nguzo. Jasho likamkauka. Macho yake, yale makali yaliyoogopwa na nchi nzima, yakafumba yenyewe.

Sasa hapo sheria ilikwama. Kukaa bustanini ni kosa, na aliyekaa ni Mtazamaji. Maaskari walimtazama Katibu, Katibu akawatazama wajumbe, wajumbe wakatazama juu kwenye madodoki.

"Mbunifu," mzee akaita, macho bado yamefumbwa. "Hii njia inatoka wapi?"

"Mabondeni, mzee wangu. Mlangoni kwa watu."

"Na inakwenda wapi?"

Kabla Mwanakheri hajajibu, jibu likaja lenyewe. Kwenye kona alitokea Sikudhani, amemshika mkono mwanamke kijana aliyelowa jasho, ameuma ncha ya kanga. Mwantumu hakumwona Mtazamaji wala tarumbeta wala maaskari. Aliiona nguzo. Akaja moja kwa moja mpaka pale, akaishika juu ya kichwa cha mzee, akainamisha kichwa, akaguna kwa sauti iliyowafanya wajumbe warudi nyuma. Mzee akafumbua macho, akainuka upesi kuliko umri wake, akampisha.

"Pumua, mwanangu," alisema Sikudhani. "Kona moja tu. Umeiona? Kona ile tu."

Uchungu ukapita. Mwantumu akajinyoosha, akatembea. Kibaraza cha mbele akashika tena, akapumzika, akatembea tena, kivulini, kwenye ardhi laini, mpaka akapita mlango wa magugu na milango ya hospitali ikafunguka mbele yake. Nyuma yake walibaki watu wote wa nchi ile wamesimama njiani, wenye vyeo na wasio na vyeo, na hakuna aliyejua la kufanya ila kungoja. Mwanakheri alikuwa analia wazi, wala hakujali.

Kisha kilisikika kilio. Kilikuwa kikali, cha mtoto mwenye hasira na mapafu yake mazima. Sikudhani akatokeza dirishani akapiga kigelegele, wanawake wa vibarazani wakakipokea, kikashuka mpaka Mabondeni, na Mabondeni yote ikakirudisha.

Mtazamaji Mkuu alikuwa bado ameshika viatu vyake mkononi. "Kila mwaka nilikuwa nasema nimeona yote," akasema, "na sikuwa najua kwamba nasema uongo. Leo nimeona."

Akatamka hukumu: bustani ni njema. Kwa sheria ya Tazamani haitaguswa maisha yake yote, na kwa kuwa mzee alitangaza kwamba atakuwa anakuja kupumzika pale kila alasiri, wajumbe waligundua siku ileile, kwa kauli moja, kwamba kivuli si uchafu, bali ni aina ya usafi ambayo hapo awali haikueleweka. Waligundua pia kwamba wao binafsi walikuwa na maoni hayo tangu zamani. Maafisa wa kivuli wakapewa miche na majembe. Bwana Sanjari alikaa kwenye kibaraza cha mwisho, amenyooka, akila pilau lake. Baadaye akamwendea Mwanakheri na kumuuliza kwa sauti ya chini kama kona nayo hupimwa kwa rula. Mwanakheri akamwambia ataonyeshwa. Yule ndege wa barazani hakutajwa tena.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuondoka, Mwanakheri alikwenda kuiaga kazi yake. Milango ilikuwa wazi. Alisimama katikati ya njia, kwenye kona anayoipenda, akaangalia jua linavyopenya kwenye majani ya mipasheni, akijiona mtu tajiri kuliko wote wanaolala kwenye majumba. Alisimama hivyo kwa muda mrefu.

Nyuma yake alifika mama mmoja wa Mabondeni mwenye ndoo ya uji wa mzazi kichwani, ana haraka, hamjui wala hana habari naye.

"We dada," alimfokea, "njia si ya kutazama hii! Pisha watu wapite!"

Mwanakheri akasogea pembeni upesi, akampisha, akacheka peke yake mpaka yule mama alipopotelea konani.